Tofauti au Kasoro? Kiswahili na Ateri za Jicho na Ubongo Zisizofuata Ramani ya Vitabu

Utangulizi

Mwanafunzi wa isimu huzoea kuliona suala la istilahi kuwa mzozo wa wanakamusi: neno litoholewe au libuniwe, lichotwe katika Kiarabu au katika lahaja za pwani. Makala hii inalitazama suala hilo mahali ambapo neno likikosewa mtu anaweza kupoteza jicho, au akaishi miaka mingi na hofu isiyo na sababu. Mahali penyewe ni ateri zinazolisha jicho na ubongo, hasa zile ambazo kwa baadhi ya watu huchipuka pasipotarajiwa, hupita njia nyingine, au husalia ilhali zilipaswa kutoweka kabla ya mtoto kuzaliwa.

Huenda msomaji akauliza mada ya wanaanatomia imefikaje katika jarida la Kiswahili. Sehemu ya jibu imo katika sheria. Sheria ya Afya ya Kenya ya mwaka 2017 inamtaka mtoa huduma amweleze mgonjwa hali yake na matibabu yanayokusudiwa na, pale inapowezekana, afanye hivyo katika lugha ambayo mgonjwa anaielewa. Kwa Wakenya wengi lugha hiyo, mbali na lugha ya mama, ni Kiswahili. Hata hivyo, tafiti za anatomia zinazofanywa humu nchini, zikiwemo zile za Chuo Kikuu cha Nairobi kuhusu ateri za Wakenya, huandikwa kwa Kiingereza. Baina ya ripoti na mgonjwa pana pengo, na anayelivuka aghalabu ni daktari au muuguzi anayetafsiri papo hapo, bila kamusi wala nafasi ya kufikiri.

Mzigo wa neno mshipa

Neno la kwanza linalomjia mtafsiri huyo ni mshipa. Ni neno la kale, lililozoeleka, na limebebeshwa mzigo kupita kiasi. Mshipa hupitisha damu. Mshipa wa fahamu hupeleka hisia na amri baina ya ubongo na viungo. Mshipa, katika usemi wa wengi, ni maradhi ya ngiri. Anayebishana kwa hasira naye husemwa kuwa ametokwa na mishipa ya shingo. Katika mazungumzo ya kila siku muktadha hutatua utata huu bila shida.

Nyuma ya jicho muktadha hautoshi. Katika mfereji mmoja mwembamba wa mfupa hupita vitu viwili vinavyogusana, na vyote viwili kwa Kiswahili cha kawaida ni mishipa: neva inayopeleka habari za nuru ubongoni, na ateri inayoleta damu. Mgonjwa akiambiwa kwamba "mshipa wa jicho umeharibika", hana njia ya kujua ni kipi kati ya hivyo viwili. Tofauti hiyo si ya kitaalamu tu. Ateri iliyoziba ni jambo la dharura, linalohesabiwa kwa dakika. Neva iliyonyauka kwa miaka mingi huhitaji mashauri ya aina nyingine kabisa. Ndiyo maana utohozi wa ateri, vena na neva, ambao kamusi zetu zimekwisha kuukubali, una kazi halisi ya kufanya: ateri huleta damu kutoka moyoni, vena huirejesha, neva haihusiki na damu bali na habari.

Wapo wanaolalamika kwamba tohozi kama hizi hazina mizizi na hazimwambii msikilizaji lolote. Lalamiko hilo lina haki kiasi, lakini halina budi kupimwa kwa historia ya maneno yenyewe. Ateri katika Kigiriki cha kale lilikuwa neno lililobeba kosa. Wataalamu wa Aleksandria, akiwemo Erasistrato, waliamini kwamba mirija hiyo hubeba hewa, na neno hilohilo lilitumika pia kuitaja koo la pumzi. Galeni, katika karne ya 2, ndiye aliyeonyesha kwamba imo damu. Dhana ilisahihishwa, jina likabaki. Karotidi nalo, jina la ateri kubwa za shingoni, lilitokana na kitenzi cha Kigiriki chenye maana ya kutia usingizi mzito, kwa kuwa ilifahamika kwamba kuzibana humlegeza mtu akapoteza fahamu. Mgiriki wa leo hahitaji kuyajua haya ili atibiwe. Istilahi huishi kwa matumizi yaliyokubaliwa zaidi kuliko kwa uwazi wa asili yake.

Galeni, Willis na mwili wa kitabuni

Galeni aliyesahihisha kosa moja ndiye aliyepanda jingine lililodumu zaidi ya miaka elfu moja. Alipasua wanyama, na chini ya ubongo wa wanyama kama ng'ombe na kondoo kuna msokotano wa ateri ndogondogo alioufananisha na wavu. Akaandika kana kwamba binadamu naye anao, na wafuasi wake wakaufundisha vyuoni huku maiti za watu zimelala mbele yao bila wavu wowote. Berengario da Carpi alieleza mwaka 1521 kwamba alikuwa ameutafuta asiupate. Andreas Vesalius, katika kitabu chake kikuu cha mwaka 1543, aliukanusha waziwazi. Ni jambo la kustaajabisha kwamba macho yaliyoona yalishindwa kwa muda mrefu hivyo na kitabu kilichosema.

Ramani inayotumika leo ilipata sura mwaka 1664, Mwingereza Thomas Willis alipochapisha kitabu chake kuhusu anatomia ya ubongo. Baadhi ya michoro yake ilichorwa na Christopher Wren, yule ambaye baadaye alisifika kwa usanifu wa majengo. Kwa mujibu wa ramani hiyo, damu hupanda kichwani kwa njia nne. Mbele kuna karotidi mbili za ndani. Nyuma kuna ateri mbili zinazopanda kupitia matundu ya pingili za shingo, ambazo makala hii itaziita ateri za pingili. Hizi huungana chini ya ubongo zikawa moja, yaani ateri ya msingi. Ateri ya msingi nayo hugawanyika tena kuwa mbili za nyuma ya ubongo, zinazolisha pamoja na mambo mengine sehemu inayofasiri yale yaliyoonwa na macho. Vijiateri viunganishi huufungamanisha mfumo wa mbele na ule wa nyuma, upande wa kulia na wa kushoto, hata likapatikana duara.

Willis hakuishia kwenye kuchora. Alieleza habari za mtu ambaye karotidi yake moja ilikutwa imeziba baada ya kifo, ilhali hakuwahi kupatwa na kiharusi: ateri ya pingili ya upande uleule ilikuwa imepanuka kuliko ya upande wa pili, ikachukua kazi ya ile iliyoziba. Maana ya duara ilikuwa imedhihirika. Ni mpango wa akiba, mithili ya mji wenye barabara nyingi zinazokutana, ambapo moja ikifungwa magari hupata pa kupitia.

Tatizo ni kwamba duara kamili, lenye sehemu zote na unene unaolingana kama lilivyo vitabuni, si mali ya kila mtu. Tafiti nyingi zimelikuta kwa chini ya nusu ya watu waliochunguzwa. Kwa wengine kiunganishi kimoja ni chembamba kama uzi au hakipo kabisa; kwa wengine ateri ya mbele ya upande mmoja ni dhaifu, na ile ya upande wa pili hulisha pande zote mbili. Mwili unaoitwa wa kawaida, basi, kwa hesabu ni wa wachache.

Mwanafunzi wa Kiswahili hatakosa kukumbuka jambo analolijua vizuri. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 uliteua Kiunguja kiwe msingi wa usanifishaji, na Kamati ya Lugha iliyoanzishwa mwaka 1930 ikaendeleza kazi hiyo. Tangu hapo palizuka mazoea ya kuliona kila umbo la Kimvita, la Kiamu au la Kipemba lisiloafiki sanifu kuwa ni kosa, ingawa lahaja hizo zilikuwapo na zilikuwa na fasihi yake kabla ya Kamati kuzaliwa. Duara la Willis ni aina ya sanifu: kipimo kinachowawezesha watu kuelewana, kisichokuwa hukumu juu ya wasiofanana nacho. Ulinganisho huu una mpaka wake, bila shaka. Lahaja humilikiwa na jamii nzima, ilhali ateri iliyopita njia yake huwa ya mtu mmoja, na mara nyingi ya upande mmoja tu wa kichwa chake.

Jicho na ateri yake

Kwa kawaida ateri ya jicho huchipuka kwenye karotidi ya ndani, mara tu karotidi hiyo inapoingia katika eneo la ubongo. Huandamana na neva ya kuona katika mfereji wa mfupa, ikiwa chini yake. Ikishaingia tunduni mwa jicho huivuka neva hiyo kuelekea upande wa pua. Sohan Singh Hayreh, ambaye uchunguzi wake uliochapishwa mwaka 1962 bado ni marejeo makuu, alionyesha kwamba kwa watu wapatao wanne katika kila watano ateri huivuka neva kwa juu, na kwa waliosalia huivuka kwa chini. Hiyo ni tofauti ya kawaida mno, isiyomdhuru mtu, lakini daktari anayepasua karibu na neva hawezi kuipuuza.

Mojawapo ya matawi yake ya mwanzo ni ateri ya kati ya retina. Tawi hili ni jembamba na halina mwenzi wa kulisaidia: likiziba, tabaka la ndani la retina hukosa chakula. Katika majaribio yake kwa kima aina ya rhesus, Hayreh alikuta kwamba retina ilistahimili kuzibwa kwa dakika 97 hivi bila madhara ya kudumu, na kwamba zilipopita dakika 240 uharibifu ulikuwa mkubwa na usioponyeka.

Hapa ndipo tofauti ya maumbile inapoweza kuwa neema. Baadhi ya watu wana kijiateri cha ziada kinachoingia katika retina kutoka kundi jingine la matawi ya ateri ya jicho, yale yanayolisha tabaka lililo nyuma ya retina. Katika tafiti kadhaa kimeonekana katika jicho moja hivi kati ya kila matatu au pungufu ya hapo. Mwenye nacho anaweza kukaa maisha yote bila kujua. Siku ateri ya kati ya retina ikiziba, na ikiwa kijiateri hicho kinafika katikati ya retina, panaposomewa na panapotambulia nyuso, huenda akabakiwa na kiduara cha kuona ilhali pembeni pamekuwa giza. Jirani yake mwenye retina ya kitabuni hubaki bila kitu. Ni vigumu kuiita hali ya mtu wa kwanza kasoro.

Upande wa pili wa mizani kuna tofauti iliyo adimu zaidi na iliyo hatari ikisahaulika. Ili kuielewa hakuna budi kurudi katika wiki za mwanzo za mimba. Katika kiinitete, eneo la jicho hulishwa kwa muda na ateri inayopenya katikati ya kijimfupa cha sikio chenye umbo la kikuku cha farasi. Baadaye ateri hiyo hutoweka. Sehemu ya matawi yake hurithiwa na ateri ya kati ya utando wa ubongo, inayotokana na karotidi ya nje, na jicho hukabidhiwa kwa karotidi ya ndani. Makabidhiano haya kwa kawaida huacha uzi mwembamba tu unaounganisha utando na jicho. Mara chache hayakamiliki: shina la karotidi ya ndani hunyauka au huwa hafifu, uzi ule hunenepa, na jicho huendelea kupata damu kutoka katika ateri ya utando.

Mtu wa namna hiyo huona kama watu wote. Hatari huja daktari anapokusudia kuiziba ateri ya utando. Ateri hiyo huzibwa kwa chembechembe au gundi zinazopitishwa katika katheta, kwa mfano ili kupunguza damu kabla ya kuondoa uvimbe wa utando wa ubongo. Majaribio ya kitabibu yaliyochapishwa mwaka 2024 yameongeza matumizi yake kwa wagonjwa, wengi wao wazee, wenye damu iliyojikusanya polepole chini ya utando. Ateri hii, ambayo zamani ilimhusu daktari bingwa wa uvimbe pekee, sasa inamhusu nyanya aliyeanguka bafuni. Kama jicho linanywa kutoka kisima hicho, kukiziba kisima ni kulipofusha jicho. Kwa sababu hiyo daktari hupiga kwanza picha ya ateri kwa dawa inayoonekana kwenye eksirei, na hutafuta kivuli cha nyuma ya jicho katika picha ya karotidi ya nje, mahali kisipotarajiwa.

Tofauti hiyohiyo huweza kumfaa mtoto mwenye saratani ya retina. Katika matibabu ambayo dawa hupelekwa moja kwa moja katika ateri ya jicho, daktari akikosa mlango kwenye karotidi ya ndani huweza kuupata kupitia ateri ya utando. Njia ni moja. Kwa mgonjwa mmoja ni mtego, kwa mwingine ni mlango.

Ateri zilizosalia

Mwanamke aliyeifumbua historia hii ya kiinitete kwa undani alikuwa Dorcas Padget, Mmarekani aliyeanza kazi akiwa mchoraji wa vielelezo vya upasuaji wa Walter Dandy huko Baltimore. Mwaka 1948 alichapisha uchunguzi wake wa jinsi ateri za kichwa zinavyokua katika kiinitete cha binadamu. Alionyesha kwamba, mimba ikiwa na wiki nne hivi, mfumo wa mbele humwagia damu mfumo wa nyuma kupitia madaraja ya muda, ambayo huondoka katika siku chache baada ya viunganishi vya nyuma kujengeka. Linalosalia mara nyingi kuliko mengine ni lile lililo kando ya neva ya tano ya kichwa, na hata hilo huonekana kwa watu wachache kuliko mmoja katika kila mia.

Daraja hilo lina kisa kinachowahusu wanalugha. Mwaka 1949 Juhn Wada, nchini Japani, aliripoti njia ya kugundua ni upande upi wa ubongo unaotawala usemi, ili mpasuaji wa mwenye kifafa asiuguse. Dawa ya usingizi hudungwa katika karotidi ya upande mmoja. Nusu moja ya ubongo hulala, na mgonjwa aliye macho huombwa ahesabu na ataje majina ya vitu. Nusu inayotawala lugha, ambayo kwa watu wengi ni ya kushoto, ikilala, maneno hukatika. Jaribio hilo linategemea dhana kwamba dawa iliyotiwa mbele itabaki mbele. Kwa mwenye daraja lililosalia, dawa huweza kumiminika katika ateri ya msingi na kulifikia shina la ubongo, linaloongoza kupumua. Kabla ya kuuliza lugha ilipo, basi, huulizwa damu inapita wapi.

Mifano mingine miwili itajwe kwa ufupi. Kwa baadhi ya watu, kati ya mmoja na watatu katika kila kumi kutegemea utafiti, ateri ya nyuma ya ubongo hubaki ikitokea kwenye karotidi kama ilivyokuwa kabla ya kuzaliwa. Damu iliyoganda shingoni mwa mtu kama huyo huweza kwenda kuziba sehemu ya ubongo inayofasiri maono, akapoteza nusu ya upeo wa kuona ilhali macho yenyewe ni mazima. Mfano wa pili ni ule ulioelezwa na Mfaransa Gérard Percheron katika miaka ya 1970: kijiateri kimoja kinachotoka upande mmoja na kulisha thalamasi zote mbili, vile vituo vya katikati ya ubongo vinavyohusika na kuwa macho. Kikiziba, mtu huzama katika usingizi mzito, na pengine akiamka hawezi kuinua macho juu wala kukumbuka sawasawa. Jamaa wanaomleta hospitali husema amelala haamki. Wasemapo hivyo wanaeleza dalili hasa, na anayewasikiliza asidhani ni uchovu wala ulevi.

Kasoro, hitilafu, tofauti

Maneno gani yatumike kwa hali hizi zote? Katika tafsiri za haraka huja matatu, na kila moja lina historia yake.

Kasoro ni pungufu. Maana hiyo ingali hai katika saa: saa mbili kasorobo ni saa mbili ikipungua robo. Lingeweza kumfaa mtu aliyekosa kiunganishi kimoja cha duara, kwa kuwa kweli kuna kilichopungua. Kwa mwenye kijiateri cha ziada cha retina halifai hata kidogo. Tena neno hilo limekwisha kuingia katika hukumu: kitu chenye kasoro hurudishwa dukani. Mtu anayeambiwa ana kasoro katika mshipa wa ubongo hutoka chumbani akiwa mgonjwa, hata kama aliingia mzima.

Hitilafu ina kisa cha kuvutia zaidi. Asili yake ya Kiarabu ni kutofautiana, na maana hiyo kamusi zingali zikiihifadhi: watu wenye hitilafu ya mawazo wanatofautiana tu. Lakini katika matumizi ya leo imeteleza ikawa ubovu. Hitilafu ya mitambo ndiyo inayozima taa mjini. Mwandishi wa kitabu cha tiba anayeitumia kwa maana ya kwanza hana hakika kwamba msomaji hataipokea kwa maana ya pili. Kwa hiyo ni bora iachiwe hali zinazoleta madhara zenyewe, mathali ukuta wa ateri unapofura na kuwa kifuko kinachoweza kupasuka.

Linabaki neno tofauti, pengine likiongezwa: tofauti ya maumbile. Udhaifu wake ni upana, kwani kila kitu hutofautiana na kingine. Nguvu yake ni kwamba halihukumu. Istilahi anuwai imependekezwa na baadhi ya watu kwa dhana zilizo karibu na hii, lakini inataja wingi wa aina na si aina moja aliyonayo mtu huyu; mgonjwa hawezi kuambiwa kwamba yeye ni anuwai. Inaelekea kwamba tofauti ya maumbile ndiyo ya kushikwa, hitilafu ibaki kwa yenye madhara, na kasoro iondolewe katika mjadala huu.

Majina ya ateri moja moja yanahitaji tahadhari ya namna yake. Ateri ya nyuma ya ubongo inayotokea kwenye karotidi huitwa na wataalamu wa Ulaya kwa jina linaloitaja kuwa ya aina ya kijusi. Mama mjamzito anayesomewa ripoti na kusikia neno kijusi hatafikiri juu ya ubongo wake hata kidogo. Atamfikiria mtoto aliyemo tumboni. Tafsiri ya moja kwa moja, iliyo sahihi kabisa kwenye karatasi, humpotosha. Kuitaja kwa chimbuko lake, ateri ya nyuma itokayo kwenye karotidi, ni kurefu kidogo na ni salama. Kanuni hiyohiyo huizaa ateri ya jicho itokayo kwenye ateri ya utando, na kwa madaraja ya kiinitete, ateri iliyosalia. Majina ya watu, Willis na Percheron, yaachwe yalivyo, kwa kuwa daktari atayakuta katika kila kitabu.

Mazungumzo ya kabla ya tiba yanaweza kuvijaribu vipimo hivi. Daktari anakusudia kuiziba ateri ya utando ya mama mzee, na anamweleza hivi: "Mama, kabla hatujaziba huu mshipa wa damu tutaupiga picha kwanza. Watu wengi jicho lao hupata damu kwa mshipa mwingine kabisa. Wachache hupata kwa huu huu. Ikiwa wewe ni mmoja wao, huo si ugonjwa, ndivyo ulivyoumbwa; lakini hatutauziba." Ateri imeitwa mshipa wa damu, na hilo halikudhuru, kwa sababu neva haikutajwa mahali popote na neno damu limeondoa utata. Kasoro na hitilafu hazikuhitajika. Ndivyo ulivyoumbwa imefanya kazi yake. Istilahi ndefu imebaki katika ripoti, wanakoihitaji wataalamu.

Swali ambalo mama huyo angeweza kuuliza ni hili: "Na hili jicho lingine, daktari?" Ni swali la maana. Ateri ya jicho ikitokea utandoni upande wa kulia, ya kushoto inaweza kuwa ya kitabuni kabisa, na kinyume chake. Kila upande hupigwa picha yake.